Namna ya Kujifunza Kombo za Tekken Katika Kibanda cha Gemu

Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, iwe Manzese au Mbagala, anayeshindwa humwachia mwenzake padi, na kwa hiyo mgeni wa Tekken, gemu ya mapigano ya wawili, hupata muda mfupi sana wa kujifunza kabla hajarudishwa kwenye foleni. Muda huo asiutumie kukariri mfululizo mrefu wa vitufe. Ajifunze kwanza pigo moja la kumrusha mpinzani hewani, na wakati unaofaa kulitumia.

Kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Tekken mwaka 1994 kwa mashine za kumbi za michezo, na mwaka uliofuata ikaileta kwenye PlayStation bila kupoteza mengi, kwa kuwa mashine zile zilikuwa zimeundwa kwa mitambo ya jamii ya PlayStation yenyewe. Tangu mwanzo kila kitufe kilipewa kiungo chake: mraba ni ngumi ya kushoto, pembetatu ngumi ya kulia, eksi teke la kushoto na duara teke la kulia. Tekken 3, iliyotoka mwaka 1997 na kufika kwenye PlayStation mwaka 1998, ndiyo iliyompa kila mpiganaji uwezo wa kukwepa kwa hatua ya pembeni, na ndiyo iliyomleta Eddy Gordo, ambaye hadi leo huwapa ushindi wasiojua lolote zaidi ya kubonyeza mateke hovyo.

Mpinzani aliyesimama huweza kujikinga, lakini aliyerushwa hewani hawezi, na kombo ya kweli, yaani mapigo yanayofuatana bila mpinzani kuweza kuyakinga, huanzia hapo. Ile mifululizo ya mapigo 10 ambayo vijana huikariri kwa fahari si kombo ya namna hiyo, kwa sababu anayeijua huikinga katikati na kukuadhibu. Mchague, kwa mfano, Paul Phoenix: bonyeza mshale wa chini-mbele pamoja na ngumi ya kulia, na mpinzani atapaa. Mdake kwa ngumi nyepesi moja au mbili, kisha umalizie kwa pigo zito. Usisikitike kwamba kombo hiyo ni fupi, maana kadiri mapigo ya hewani yanavyoongezeka ndivyo nguvu ya kila pigo linalofuata inavyopunguzwa.

Lililo gumu ni kujua wakati. Gemu huenda kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde; ngumi nyepesi ya kawaida hufika kwa fremu 10, na mapigo mengi ya kurusha huhitaji takriban 15, yaani robo ya sekunde. Ukilitoa pigo hilo mpinzani akiwa huru, atalikinga. Subiri akose shabaha, au ukinge pigo lake zito linalomwacha amechelewa kurudi katika hali ya kujilinda, ndipo umrushe. Kwa hiyo ulinzi ni sehemu ya kombo: mshale wa nyuma hukinga mapigo ya juu na ya kati, ilhali ya chini hukingwa kwa kuchutama, na aliyechutama huumizwa na ya kati. Eddy hutisha kwa kuchanganya ya chini na ya kati. Mtazame raundi moja bila papara, kwani anayebonyeza hovyo hurudia yaleyale.

Uliza pia ni toleo gani limewekwa. Tekken 6 ilileta mbinu ya kumgongesha chini aliye hewani ili adunde na kombo iendelee. Tekken 7 iliiondoa mbinu hiyo na kuweka ya kumzungusha hewani. Na Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, iliongeza hali ya Heat inayomtia mchezaji nguvu kwa muda. Kombo ya toleo moja huweza kukatika katika jingine.

Kibanda kikiwa hakina watu wengi, omba sehemu ya mazoezi, nawe urudie kombo hiyo moja ukiwa upande wa kushoto wa skrini, kisha upande wa kulia, kwa kuwa mishale hugeuka na vidole vilivyozoea upande mmoja hukosea upande wa pili. Kisha fanya mazoezi ya kujinasua unapokamatwa: mikamato ya kawaida hukatwa kwa kubonyeza ngumi moja mara tu mikono ya mpinzani inapokugusa.