SOMO: Kuvuka reli na njiapanda bila kukwama katikati

Wakuu, swali la "nikifika kwenye reli nifanyeje" linarudi humu kila wiki, na kila wiki tunaanza kujibu upya. Leo naliandika lote mahali pamoja. Naendesha semitrela na huwa nafundisha madereva wapya. Nawalenga zaidi wa Dar, ambako reli ya zamani ya TRC (Shirika la Reli Tanzania) na ile ya TAZARA iendayo Zambia bado zinakatana na barabara tunazopita kila siku. Ukiwa na swali, soma kwanza mpaka mwisho.

1. Ukiona alama ya reli, punguza mwendo. Usiovateki hapo.

2. Zima redio, shusha vioo vya pande zote mbili, hata kama mvua inanyesha.

3. Geti likianza kushuka, taa nyekundu ikiwaka au mlinzi akitoka na kibendera chekundu, simama. Kama hakuna mstari wa kusimamia, acha mita 5 kabla ya reli ya kwanza, maana behewa ni pana kuliko reli zenyewe.

4. Geti kuwa wazi si ruhusa ya kupita. Kuna vivuko visivyo na geti wala mlinzi, na hata penye geti, anayelifunga ni binadamu. Angalia kulia, kushoto, kulia tena. Usiseme "saa hizi hakuna treni". Treni ya mizigo haina saa.

5. Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa hiyo someni taratibu. USIINGIE KWENYE RELI MPAKA UONE NG'AMBO NAFASI INAYOTOSHA GARI LAKO LOTE. Chukulia foleni ya jioni, Tabata Relini. Daladala iliyo mbele inasogea kidogo, na wewe unasogea ili bajaji isikuchomekee. Tairi zako za mbele zinapanda reli. Halafu taa za breki za daladala zinawaka: kondakta ameona abiria. Nyuma yako lori limeshakuja mpaka kwenye bampa. Huwezi kwenda mbele, huwezi kurudi, na hakuna sheria uliyoona umeivunja. Ulifuata foleni tu. Dawa yake ni moja: baki nyuma ya reli mpaka gari la mbele limeshavuka na kuacha pengo la urefu wa gari lako na ziada kidogo. Watakupigia honi. Waache wapige. Bajaji ikichomeka, subiri pengo jingine. Wenye semitrela ndio tunaopaswa kuwa wakali zaidi: ukiondoka umesimama na mzigo, mkia unaweza kuchukua sekunde 12 au zaidi kutoka kwenye reli. Treni ya kilomita 60 kwa saa inakuwa imetembea mita 200 ndani ya muda huo.

6. Vuka kwa gia moja. Usibadilishe ukiwa juu ya reli.

7. Gari likizima juu ya reli na likagoma kuwaka, shusha watu wote kwanza. Mizigo iacheni. Kimbieni mtoke kwenye reli, mkielekea upande treni inakotokea, kwa mshazari. Najua inasikika kama wazimu, lakini treni ikigonga gari, mabati yanarushwa kule inakokwenda. Ukikimbia nayo, yatakufuata.

8. Njiapanda na kipilefti ni sheria ile ile ya namba 5. Kwenye kipilefti, aliyemo ndani akitokea kulia kwako ndiye mwenye haki.

MASWALI

Mtoto wa Keko: Geti likiwa nusu na treni bado siioni, si napita tu?
Jibu: Namba 3.

Mtoto wa Keko: Ila mkuu muda mwingine wanafunga mapema sana.
Jibu: Namba 3, mkuu.

bintiwausukani: Asante kwa somo. Kwa nini treni isifunge breki tu ikiona gari? Dereva si yuko juu, anaona mbali?
Jibu: Swali zuri dada. Gurudumu la treni ni chuma na reli ni chuma. Mshiko wake ni mdogo sana kuliko wa tairi na lami. Hapo weka mamia ya tani zinazosukuma kutoka nyuma. Treni nzito ya mizigo inaweza kuhitaji hadi kilomita nzima kusimama. Dereva anakuona vizuri, anafunga breki zote, anapiga honi, na bado anakufikia. Jambo jingine: kitu kikubwa kikija moja kwa moja kwako, jicho hukiona kama kinakuja polepole. Usipime mwendo wa treni kwa macho.

bintiwausukani: Na gari la otomatiki likizima juu ya reli?
Jibu: Watu washuke kwanza. Kama treni haionekani wala haisikiki, weka N, sukumeni. La manyuo, weka gia ya kwanza, achia klachi, piga stata. Kwa magari mengi ya zamani linaruka hatua kadhaa. Mkisikia honi tu, acheni gari.

Mswahili Pwani: Somo limepitwa na wakati. Sasa kuna SGR, reli mpya ya kisasa.
Jibu: SGR imejengewa madaraja na vivuko vya juu na chini, sawa. Reli ya zamani haijang'olewa, na treni zinapita.

FundiGia: Taa ya kijani ni haki yangu. Nikisubiri wanaonifuata wananitukana.
Jibu: Kijani inakuruhusu kwenda kama mbele kuna nafasi. Ukiziba njiapanda, wa upande wa pili wakipata kijani chao hawaendi popote, na foleni unayoilalamikia umeitengeneza wewe.

Dogo Mpya: Trafiki anaita magari na taa ni nyekundu. Nimfuate nani?
Jibu: Trafiki. Mkono wake uko juu ya taa.

Boda wa Buguruni: Sisi je? Mvua ikinyesha reli inateleza balaa.
Jibu: Kata reli kwa pembe mraba, usiipite mshazari, tairi itaingia kwenye mfereji wa pembeni ya reli. Punguza mwendo kabla. Ukiwa juu yake usishike breki, usiongeze mafuta. Abiria akiwa na mzigo mkubwa, ashuke avuke kwa miguu.
KondaMstaafu: Naongezea: penye reli mbili, treni ya kwanza ikishapita msikimbilie. Subirini mkia wake usogee mpaka muione reli ya pili. Ya pili huwa imefichwa na ya kwanza.
Jibu: Shikamoo mzee. Hilo nililisahau, naliingiza kwenye namba 4.

Semi la Tunduma: Natakiwa kupitisha lobedi (trela la chini la kubebea mitambo) yenye eskaveta kwenye kivuko kilichoinuka. Nina wasiwasi tumbo litakaa juu ya reli.
Jibu: Una haki ya kuwa na wasiwasi. Nenda ukakiangalie kwa miguu mchana kabla ya safari, pima nafasi ya chini ya tumbo ulinganishe na mwinuko. Ikikaribiana, tafuta njia nyingine hata kama ni ndefu. Kama hakuna, nenda stesheni iliyo karibu uwaeleze saa utakayovuka, na usisogee mpaka wakuhakikishie reli iko wazi. Utingo asimame ng'ambo akiangalia chini ya trela. Una urefu gani wa lobedi?