Mkato wa kwanza wa shamba pori: usishushe fyekeo la trekta chini ya sentimita 25

Kila mwaka kabla ya masika, mashamba yaliyoachwa huko Korogwe na Muheza huanza kufunguliwa kwa trekta, na kila mwaka matrekta yale yale yanaishia gereji. Chanzo hakibadiliki. Mwenye shamba anasimama pembeni na kumwambia dereva ashushe fyekeo, mashine ya visu vya kuzunguka inayofungwa nyuma ya trekta, hadi chini "ili tumalize mara moja". Pori la miaka kumi halimalizwi mara moja. Giaboksi ya fyekeo ikipasuka, pesa ya mbegu na mbolea imekwenda, na mvua haimsubiri fundi.

Mkato wa kwanza uwe sentimita 25 kutoka ardhini. Si 15, wala si 10. Mwaka huu naomba tusipime kwa macho wala kwa shubiri. Simamisha trekta mahali tambarare, zima injini, toa ufunguo, kisha egemeza fyekeo juu ya magogo imara kabla hujaingiza mkono chini yake. Usiamini haidroliki peke yake, kwa maana ikiachia inaachia ghafla. Vuta visu vikunjuke hadi mwisho, ndipo upime kwa futi kamba kutoka ardhini hadi ncha ya kisu. Ukipima hadi ukingo wa bodi utapata namba nyingine kabisa, na hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi hata kwa madereva wazoefu. Ncha ya mbele iwe chini kuliko ya nyuma kwa sentimita 1 hadi 2, ili kisu kikate mara moja na kupita bila kuilemea injini. Ukisharidhika, rekebisha gurudumu la nyuma la fyekeo na ufunge cheni za kuzuia kwenye mikono ya trekta. Bila cheni, fyekeo litazama lenyewe kwenye kila bonde na kipimo chako hakitakuwa na maana.

Kwa nini 25? Kwa sababu hujui kilicho chini ya majani. Sehemu kubwa ya mapori haya yalikuwa mashamba ya mkonge, zao ambalo mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000. Mashamba hayo yalipoachwa, si kila kitu kilichobaki kiling'olewa. Utakuta vigutu vya mkonge, milingoti iliyoanguka, na kwingine vipande vya reli nyembamba za kubebea majani ya mkonge. Juu ya hapo weka vichuguu, mawe na waya. Ncha ya kisu cha fyekeo inakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na ikigonga reli kwa mwendo huo si kisu tu kinachoumia. Jiwe likirushwa linaweza kumfikia mtu aliye mbali, kwa hiyo asiwepo mtu yeyote ndani ya mita 100, na utingo asipande kwenye trekta. Hilo la utingo nimelisema hadi nimechoka, na bado naona vijana wamekaa kwenye bampa za matairi!

Kabla ya trekta kuingia, pitieni shamba kwa miguu, watu wawili au watatu sambamba, kila mmoja mita 3 kutoka kwa mwenzake. Kila mnapokuta kitu kigumu, chomekeni mti wa mita 2 wenye kitambaa chekundu, kwa maana mti mfupi hauonekani katika matete. Shina lenye unene unaozidi sentimita 5 likatwe kwanza kwa panga au msumeno, isipokuwa kitabu cha fyekeo lako kinaruhusu zaidi. Likate usawa wa ardhi na bapa. Kisiki kilichokatwa mshazari kinatoboa tairi kama mkuki.

Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye fyekeo, izunguke mara 540 kwa dakika muda wote. Pori likiwa zito, punguza gia, usipunguze mafuta. Mwendo mzuri kwa pori zito ni mita 50 kwa dakika moja, na mtu yeyote mwenye saa ya simu anaweza kuupima. Bolti ya usalama, iliyowekwa ikatike yenyewe ili kuiokoa giaboksi, ikikatika, weka ya aina ile ile. Anayeweka bolti ngumu "isikatike tena" ameamua giaboksi ndiyo ikatike. Majani yakiwa makavu, simama kila saa moja, zima injini na uondoe yaliyojikusanya kwenye rejeta na bomba la moshi, vinginevyo trekta inaweza kuwaka moto.

Kisha subiri wiki tatu hadi nne. Usichome. Majani yanakauka na kulala, visiki vinajitokeza, nawe unang'oa au kuweka alama kwenye vile ulivyovikosa. Ndipo unashuka hadi sentimita 10. Ukizidisha wiki tano matete yameshainuka na unaanza upya. Masika ya Tanga hushika katikati ya Machi, kwa hiyo mkato wa kwanza ufanyike katikati ya Januari na wa pili katikati ya Februari. Anayeanza Machi asilaumu mvua.

Mapatano na dereva yawe ya mikato miwili tangu mwanzo, na bei ya kila mmoja itajwe. Dereva anayelipwa kwa ekari bila masharti atakimbia, na haraka yake utailipia wewe.

Kazi ikienda vizuri, mabua yamekatika wazi bila kuchanika na hakuna alama ya kisu kwenye udongo.

Penye mkulagembe, mikato miwili haitoshi. Mti huu huchipua kutoka mizizini na ukikatwa tu hurudi ukiwa kichaka kizito zaidi. Chimbua mizizi kwa sururu mara baada ya mkato wa pili, kabla ya kulima.