Mteremko kwanza, sakafu baadaye

Familia nyingi za Dar es Salaam zinazoongeza kibaraza cha kupumzikia uani hutumia muda mrefu kuchagua rangi ya vitofali na kusahau maji yatakwenda wapi masika yakifika, kati ya Machi na Mei. Kabla fundi hajamwaga hata toroli moja ya kokoto, mwombe afunge uzi kwenye vigingi kutoka ukutani hadi ukingo wa nje wa kibaraza, kisha ahakikishe kwa pimamaji kwamba sakafu itashuka takribani sentimita 2 kwa kila mita moja. Kibaraza chenye upana wa mita 3, kwa mfano, kiwe chini kwa sentimita 6 upande ulio mbali na nyumba. Mteremko huo hauonekani kwa macho wala hauyumbishi meza, lakini unatosha kuyaondoa maji yasituame ukutani wala kupandisha unyevu unaobandua rangi.

Udongo wa chini ushindiliwe kwa tabaka, ukinyunyiziwa maji kidogo, kwa sababu mchanga uliolegea hutitia baada ya mvua chache na kuacha madimbwi katikati. Mfuniko wa chemba ya maji taka usifunikwe, hata kama unaharibu mwonekano, maana siku itakapoziba mtalazimika kuvunja sakafu mpya.

Kazi ikikamilika, mwaga ndoo moja ya maji karibu na ukuta kabla ya kumlipa fundi fedha iliyobaki, kisha utazame yanakoelekea.