Ng'ombe akikaa bila machicha, usimrudishie ndoo ileile

Ng'ombe amekula machicha ya pombe mwezi mzima bila tatizo. Yakakosekana wiki tatu. Siku yalipopatikana, mfugaji akamjazia ndoo ya kawaida yake, na jioni mnyama anapepesuka, miguu ya nyuma inapishana, mdomo unachuruzika mate. "Si alishazoea?" Alizoea, ila mazoea hayo yamekwisha.

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, kinga kubwa iko kwenye tumbo la kwanza, rumeni. Humo mna vijidudu vinavyogeuza alkoholi kuwa asidi ya asetiki, na asidi hiyo mnyama huitumia kama chakula. Vinahitaji kama wiki mbili kuongezeka vya kutosha, na visipopata alkoholi hupungua tena. Ini nalo huongeza vimeng'enya vya kusaga kilevi kinachofika kwenye damu, navyo hushuka kilevi kikikatika. Ubongo pia huzoea. Panya wa maabara walionyweshwa kilevi kwa muda mrefu, kikiondolewa ghafla, hutetemeka na hata kupata degedege ndani ya saa chache. Zizini ni nadra kufika huko.

Kwa hiyo anza na robo ya kiasi unachokusudia, uongeze kidogo kila baada ya siku tatu au nne. Mpe majani makavu kwanza, machicha yafuate. Tumbo tupu hupitisha kilevi haraka. Akikaa bila machicha zaidi ya wiki moja, anza upya na robo. Najua inachosha, hasa kama ndoo imejaa na inaanza kuchacha.

Nguruwe hana rumeni, hivyo kilevi humfika damuni moja kwa moja. Ndama anayenyonya ni vilevile, kwa kuwa maziwa hupita kando ya rumeni ambayo bado haijakomaa. Huyo usimpe kabisa.

Halafu, machicha si ya aina moja. Yale ya kiwanda cha bia hukamuliwa kabla hamira haijatiwa, kwa hiyo yakiwa mabichi karibu hayana kilevi. Mashapo ya pombe iliyokwisha kuumuka ndiyo yanayolevya. Lakini hata ya kiwandani, yakikaa yamelowa siku kadhaa, huchacha na kuota ukungu.

Na si kila anayeyumba amelewa. Aliyekula nafaka nyingi au matunda yaliyoiva kupita kiasi hupata asidi kali tumboni: kinyesi majimaji chenye harufu chachu, macho yamedidimia, hataki kusimama. Mwingine hutetemeka na kuanguka miguu ya nyuma kila anapoharakishwa; hapo shuku sumu ya ukungu kwenye machicha au kimea. Mlevi huamka kesho yake akiwa sawa. Hao wawili wa mwisho hawasubiri kesho: ondoa chakula hicho na umwite daktari wa mifugo.