Maneno ya Kijerumani bila kuchoka: hatua ninazompa kila anayeanza

Mwanafunzi wangu wa mwisho alikuja na daftari lililojaa maneno ya Kijerumani, yote bila artikeli, yaani *der*, *die* au *das* inayotangulia nomino na kuonyesha jinsia yake. Tulianza upya, kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Matamshi. W ni v yetu, v mara nyingi ni f, z ni ts, ei ni ai, ie ni i ndefu. Ch ya *Buch* ni kh ya kheri. Ya *ich* ni nyepesi zaidi, hutokea mbele mdomoni. Kwa ü, tamka i huku midomo umeiviringa kama unatamka u.

Hatua ya 2: Salamu. *Guten Tag* (habari za mchana), *Danke* (asante), *Bitte* (tafadhali), *Entschuldigung* (samahani), *Ich verstehe nicht* (sielewi). "Wewe" kwa mtu mzima usiyemjua ni *Sie*, ya heshima, si *du*. Yanatosha kuanzia.

Hatua ya 3: Der, die, das. Hapa ndipo saa zinapopotelea. Kila nomino ina jinsia, na usitafute sababu kwenye kitu chenyewe: kijiko ni *der Löffel*, uma ni *die Gabel*, kisu ni *das Messer*. Msemaji wa Kiswahili asilalamike. Sisi wenyewe hatujawahi kuuliza mti na mkate vina undugu gani hata vikae ngeli moja.

Kariri nomino na artikeli na wingi wake kwa pumzi moja: *der Tisch, die Tische*, *das Kind, die Kinder*. Wingi wote huchukua *die*, kwa hiyo ukiiona, hakikisha kwanza kama neno liko katika umoja.

Miishio husaidia. -ung, -heit, -keit na -schaft ni *die*: *die Zeitung, die Freiheit*. -chen na -lein ni *das*, ndiyo maana msichana ni *das Mädchen*. Siku na miezi ni *der*. Lakini -ung iwe kiambishi kweli. Ya *der Sprung* ni sehemu ya shina, haihesabiki. Na -er usiiamini: *der Lehrer*, ila *die Butter* na *das Fenster*.

Halafu utakutana na *Ich esse den Apfel* (ninakula tufaha) na kudhani kuna jinsia ya nne. Hakuna. Ni *der* iliyogeuka kwa sababu tufaha ndilo linaloliwa. *Die* na *das* hapo hazigeuki.

Tumia kadi za karatasi, rangi tatu, moja kwa kila jinsia. Ya kwanza iwe *die Schule*, iliyotupa neno shule. Programu za kuchagua jibu kati ya manne sizipendi: zinakuonyesha neno badala ya kukulazimisha ulikumbuke. Ukishikilia simu, chukua Anki, programu ya kadi za kukariri, na kadi utengeneze mwenyewe.

Hatua ya 4: Maneno marefu. Huku ndiko kwenye raha. Neno la mwisho huamua jinsia: *die Hand* na *der Schuh* huzaa *der Handschuh*, kiatu cha mkono, yaani glavu. *Der Kühlschrank* ni kabati la kupoza. *Die Schildkröte*, chura mwenye ngao, ni kobe. Ukikutana na neno refu, likate, kisia maana na artikeli, ndipo ufungue kamusi.

Hatua ya 5: Namba. Kuanzia 21, mamoja hutangulia makumi: *einundzwanzig*, moja na ishirini. Mwombe mtu akusomee namba za simu, nawe uandike.