Jinsi ya kuchunguza jina adimu la kike kabla ya kulisajili: mfano wa Mwanakupona

Tovuti nyingi za majina hutoa maana kwa mstari mmoja tu, bila kusema maana hiyo imetoka wapi. Kwa Asha au Fatuma hakuna madhara makubwa, kwa kuwa wenye majina hayo wamejaa kila mtaa na kosa husahihishwa haraka. Jina adimu halina watetezi wengi. Maana ya kubuni ikishaandikwa mara moja hunakiliwa kila mahali, na mtoto hukua akijieleza kwa jambo lisilo kweli. Hapa tunalichukua jina Mwanakupona hatua kwa hatua. Njia hii inafaa kwa jina lolote la kike la pwani.

Likate jina, kisha jaribu kila kipande

Vipande ni viwili: Mwana na Kupona. Kosa la kwanza hutokea hapa hapa, mtu anaposoma "mwana" kwa maana ya mtoto na kuhitimisha kwamba jina lina maana ya "mtoto aliyepona". Usikubali tafsiri ya kipande kabla hujayaweka kando yake majina mengine yaliyojengwa hivyo hivyo.

Pwani mpangilio unaonekana wazi. Mwanamume ni Juma, mwanamke ni Mwanajuma. Kuna Hamisi na Mwanahamisi, Idi na Mwanaidi, Kombo na Mwanakombo. Mwana linafanya kazi ya kuonyesha kwamba mwenye jina ni mwanamke. Panda sasa hadi visiwa vya Lamu na historia ya miji ya zamani: Mwana Khadija alitawala Pate katika karne ya 18, na mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa kale wa mji huo. Hao hawakuitwa watoto. Kule Mwana ni neno la heshima kwa mwanamke, kama Bwana lilivyo kwa mwanamume. Ushahidi mzuri kuliko wote uko katika nyumba moja ya Siyu, mji wa kisiwa cha Pate: mume ni Bwana Mataka, mke ni Mwana Kupona, mtunzi wa utendi tutakaoutaja hapa chini, binti yao ni Mwana Hashima. Mama na binti wote ni Mwana, kwa hiyo kipande hicho ni cheo, na jina lenyewe ni Kupona.

Kipande cha pili kinahitaji swali jingine: ni neno la Kibantu au la Kiarabu lililobadilika? Usiridhike kwa kuona "ku" mwanzoni. Kuruthumu nalo linaanza na "ku", lakini ni Kulthum la Kiarabu na halihusiani na kitenzi chochote cha Kiswahili. Kwa Kupona, sauti ya p inasaidia: Kiarabu hakina p, na majina ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili kwa kawaida hubaki na b au f yake. Kitenzi "pona" kipo, na maana yake ni pana kuliko kupata nafuu tu. Ni pia kunusurika, kuokoka na hatari. Fungua kamusi kongwe pamoja na ya sasa, kwa sababu maneno hupungua maana kadiri miaka inavyopita. Ya Krapf ilichapishwa 1882, ya Johnson 1939, ya Sacleux 1939 hadi 1941, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu 1981. Ya Sacleux hutaja mara nyingi neno linatumika lahaja gani, jambo muhimu sana kwa jina la kaskazini, ila imeandikwa kwa Kifaransa.

Kwa hiyo maana unayoweza kuisimamia ni hii: Bibi Kupona, yaani mwanamke aliyepewa jina la kunusurika au kupata afya. Ukitaka kuongeza kwamba alizaliwa mgonjwa, au kwamba ndugu zake waliomtangulia walifariki, leta ushahidi. Majina yenye sababu za aina hiyo yapo pwani, lakini kuwapo kwake hakuthibitishi kwamba hili nalo lilitolewa hivyo.

Tafuta maandishi yenye tarehe

Jina hili lina bahati ambayo majina mengi adimu hayana, nayo ni hati. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wa kumuusia binti yake, na karibu na mwisho anajitaja jina, anasema alizaliwa Pate, kisha anatoa mwaka: 1275 Hijria. Vitabu vingi huandika 1858. Mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1858 ukaisha Julai 1859, kwa hiyo andika "1858 au 1859" kama huna mwezi. Kosa hili la kubadili mwaka wa Hijria kuwa mwaka mmoja tu wa Miladia limejaa katika maelezo ya majina ya pwani.

Utendi huo una mtego mwingine. Mwanzoni mtunzi anasema ameshikwa na maradhi hadi mwaka umetimia. Msomaji mwenye haraka ataunganisha ugonjwa huo na jina Kupona na kupata hadithi tamu. Haiwezekani. Wakati huo alikuwa mtu mzima, mjane wa Bwana Mataka, mwenye binti wa kuolewa, na jina alikuwa nalo siku zote. Kila unapopata kisa kinachoeleza jina, uliza kwanza kama kisa kilitangulia jina au kilikuja baadaye.

Ukisoma nakala ya hati kwa herufi za Kiarabu, kuwa mwangalifu zaidi. Katika uandishi wa zamani dhamma, alama ya irabu inayowekwa juu ya herufi, ilisimama kwa u na pia kwa o, na waandishi wengi walitumia herufi ba kwa sauti ya b na ya p. Kwa macho tu, neno hilo hilo lingeweza kusomwa "kubuna" au "kupuna". Kinachoamua ni vina na mapokeo ya watu wanaousoma utendi kwa sauti. Werner na Hichens waliuchapa kwa herufi za Kirumi mwaka 1934, na J. W. T. Allen akautoa tena 1971, kwa hiyo linganisha matoleo mawili kabla ya kuamua tahajia. Kwa jina lisilo na utendi, chanzo cha namna hii ni hati za wakfu, hati za mashamba na nasaba zilizoandikwa nyuma ya misahafu ya familia.

Halafu waulize wazee, na waulize vizuri. Usimwambie bibi, "Eti Mwanakupona maana yake ni aliyepona?" Atakubali kwa adabu. Muulize: "Bibi, nani mwingine aliitwa hivi? Aliitwa baada ya nani? Nyumbani walimwitaje kwa kifupi?" Majibu ya maswali hayo yanaweza kulinganishwa na ya mtu mwingine wa mji huo huo. Pwani mtoto hurithishwa jina la bibi mara kwa mara, na hapo sababu ya kumpa mjukuu ni bibi mwenyewe. Maana ya neno inaweza kuwa haikufikiriwa kabisa.

Kupima uadimu

Kenya na Tanzania hazina kawaida ya kutangaza kila mwaka orodha ya majina ya watoto na idadi zake, kama zinavyofanya nchi kadhaa za Ulaya na Marekani. Kwa hiyo tovuti yoyote inayokuambia Mwanakupona ni jina la 4,000 na kitu nchini Tanzania inakisia. Unachoweza kupata ni picha ya mahali: mwalimu wa madrasa, mkunga na karani wa shule wa miaka mingi watakuambia kama wamewahi kuandika jina hilo. Omba jibu la ndiyo au hapana na makadirio ya idadi. Usiombe orodha ya majina ya watoto wa watu.

Kabla ya kusema halipo, tafuta maumbo yake yote. Mwanajuma hufupishwa Mwajuma, Mwanamvua huwa Mwamvua, na Mwanatumu, ambalo lina neno la zamani la mwezi wa Ramadhani ndani yake, huandikwa Mwantumu. Kwa kanuni hiyo tafuta Mwanakupona, Mwana Kupona, Mwankupona, Mwakupona na Kupona peke yake. Ila ukikutana na Mwakupona kwenye orodha, usilihesabu moja kwa moja. Majina ya ukoo ya Wanyakyusa, kama Mwaipopo, nayo huanza na "Mwa", na hayo hubebwa na wanaume na wanawake.

Kwa ndugu walio ughaibuni, takwimu zipo, lakini kila moja ina ukingo wake, yaani idadi ambayo chini yake jina halitangazwi peke yake. Marekani, mamlaka ya hifadhi ya jamii (Social Security) hutoa mafaili ya kila mwaka tangu 1880. Kila mstari una jina, herufi F au M, na idadi, na jina lenye watoto chini ya watano katika mwaka huo haliingizwi. Uingereza na Wales ukingo ni watatu. Ufaransa, taasisi ya takwimu ya INSEE huyakusanya majina adimu katika fungu moja. Kukosa jina kwenye mafaili hayo hakumaanishi sifuri. Angalia pia kwamba hesabu ya Marekani huchukua jina la kwanza tu na kuondoa nafasi na vistari. Mtoto aliyejazwa Mwana kwenye kisanduku cha jina la kwanza na Kupona kwenye jina la kati huhesabiwa kama Mwana, na jina lenyewe hupotea kwenye takwimu.

Amua tahajia kabla ya kufika kwa msajili

Andika neno moja: Mwanakupona, herufi 11. Mwana Kupona ni sahihi kihistoria na linapendeza kwenye kitabu, lakini kwenye fomu nafasi hiyo huleta balaa. Cheti cha kuzaliwa kitasema Mwana Kupona Mshamu, shule itaandika Mwanakupona Mshamu, na karani wa tatu atadhani Kupona ni jina la baba. Kwenye pasipoti, mstari wa kusomwa na mashine utatoka MSHAMU<<MWANA<KUPONA, ilhali tiketi ya ndege mara nyingi hutoka MWANAKUPONA bila nafasi. Kurekebisha baadaye huhitaji hati ya kiapo, na wakati mwingine hati ya kubadili jina, pamoja na safari za kwenda na kurudi ofisini.

Siku ya kusajili, peleka jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Usilitamke tu, kwa sababu likitamkwa haraka linaweza kusikika Mwanakombo, jina ambalo karani amelizoea zaidi. Soma kila herufi kabla ya cheti kuchapwa. Tanzania Bara usajili wa kawaida kupitia RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ni ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Kenya ni ndani ya miezi sita, na sheria yake inaruhusu jina lililobadilishwa kuandikishwa ndani ya miaka miwili tangu usajili. Zanzibar kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Familia inayosubiri akika siku ya saba ndipo itangaze jina ina muda wa kutosha kote huko, lakini hospitali zinazojaza tangazo la kizazi siku ile ile zitataka jibu. Mkiwa hamjakubaliana, ulizeni kama nafasi ya jina inaweza kuachwa wazi. Msijaze jina la muda, kwa sababu ndilo litakalochapwa.

Mwisho, hifadhi karatasi moja ya maelezo pamoja na cheti: vipande viwili vya jina na maana yake, mwaka 1275 Hijria, majina ya mabibi wa familia walioitwa hivyo kama wapo, na nani aliyependekeza. Usipokuwa na uhakika wa jambo, liache nje ya karatasi hiyo.