Kuomba Kipimo cha Vinasaba vya Ubaba Dar es Salaam na Kuyasoma Majibu Yake

Mwanamume anayetaka kuthibitisha kama mtoto ni wake hawezi kumchukua mtoto huyo, akafika naye mapokezi ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali katika Barabara ya Barack Obama na kuomba wapimwe. Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inataka ombi lipitie kwa mamlaka inayotambuliwa, na katika masuala ya ubaba njia zinazotumika zaidi ni afisa ustawi wa jamii, wakili au mahakama. Utaratibu huu huwaudhi wengi, lakini nauona kuwa wa lazima, kwa sababu unahakikisha kwamba kuna mtu aliyewauliza wazazi mapema mtoto atalelewa na nani endapo majibu yatakuja kinyume na matarajio yao.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mahali pepesi pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri anayoishi, iwe Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Nenda na kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama kipo, na maelezo ya kweli kuhusu chanzo cha mgogoro. Afisa atamwita na mwenzako, atawasikiliza wote wawili, na mkiridhia ataandika barua ya kuomba kipimo. Ridhaa hiyo hutolewa kwa maandishi, na kwa mtoto mdogo hutolewa na mzazi au mlezi wake.

Mmoja akikataa, mlango unaobaki ni mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii kuomba mahakama itamke mzazi wa mtoto ni nani, na mahakama inaweza kuamuru anayetajwa kuwa mzazi apimwe. Ombi hupelekwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18, na baada ya hapo kwa kibali cha mahakama. Ikiwa anayetajwa kuwa baba amefariki, ombi hupelekwa ndani ya miaka mitatu tangu kifo chake, jambo ambalo familia nyingi hulikumbuka wakati mirathi imekwisha kugawanywa.

Malipo huhesabiwa kwa kila sampuli, hivyo baba, mama na mtoto ni sampuli tatu. Kwa kawaida mtaalamu hupangusa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, zoezi lisilouma hata kwa mtoto mchanga, na hakuna haja ya kufunga kula. Aliyewahi kupandikizwa uboho au aliyeongezewa damu hivi karibuni amweleze mtaalamu kabla ya kuchukuliwa sampuli. Nashauri mama asiachwe nje kwa kubana gharama, kwa kuwa sampuli yake ndiyo inayoonyesha ni nusu ipi ya vinasaba vya mtoto lazima iwe imetoka kwa baba.

Majibu hurudishwa kwa mamlaka iliyoomba, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa macho hukimbilia asilimia na kuliacha jedwali lililoizaa. Jedwali hilo huorodhesha maeneo ya vinasaba yaliyopimwa, ambayo katika maabara nyingi za sasa hufika 15 hadi zaidi ya 20, na kila eneo lina namba mbili kwa kila mtu (idadi ya mara ambazo kipande kifupi cha vinasaba hujirudia hapo), moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Chukua mfano wa eneo liitwalo TH01: mtoto ana 7 na 9, mama ana 6 na 7. Basi 7 ya mtoto imetoka kwa mama, na 9 lazima iwe imetoka kwa baba mzazi. Anayetajwa akiwa na 9 na 9.3, eneo hilo limekubali. (Hiyo 9.3 si kosa la uchapaji. Ni aina inayojulikana ya namba katika eneo hilo.)

Kukubali kwa eneo moja hakuthibitishi ubaba, maana wanaume wengine wengi wana 9. Ndiyo sababu kila eneo hupewa uzito unaoitwa fahirisi ya ubaba, kulingana na wingi wa namba hiyo katika jamii. Tuseme namba hiyo ni asilimia 10 ya namba zote za eneo hilo. Mwanamume mwenye 9 moja atapata uzito wa 5, yaani nafasi yake ya nusu ya kumrithisha mtoto hiyo 9 ikigawanywa kwa asilimia 10. Uzito wa maeneo yote huzidishwa pamoja, na maeneo sita tu ya aina hiyo hufikia 15,625, sawa na uwezekano wa asilimia 99.99 iwapo hesabu imeanza kwa kumpa mwanamume huyo nusu kwa nusu, yaani uwezekano wa asilimia 50 kabla ya kipimo. Asilimia 100 kamili haiandikwi kwa sababu hesabu ya namna hii haifiki huko kamwe, kwa hiyo asiwepo wa kushika hiyo 0.01 iliyobaki na kuanza kumtuhumu mama. Angalizo la kweli ni pacha wa kufanana, ambaye kipimo hiki hakiwezi kumtenga na nduguye, na pia ndugu wa damu wa anayetajwa: ikiwa naye anahusishwa, maabara ielezwe mapema.

Kwa upande mwingine, eneo moja lisilokubali halitoshi kumwondoa mwanamume, kwani namba inaweza kubadilika inapotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Maeneo kadhaa yakikataa, hitimisho huwa kwamba siye baba mzazi, na uwezekano huandikwa 0.

Hata hivyo, ripoti pekee haimwondolei mtu wajibu wa matunzo wala haibadilishi cheti cha kuzaliwa. Kama kuna shauri, ni mahakama itakayoipokea kama ushahidi na kutoa amri. Asiyeridhika aombe kupitia mamlaka ileile, au mbele ya hakimu, kwamba sampuli mpya zichukuliwe pande zote zikiwepo, na anaweza pia kuomba mtaalamu aitwe kuulizwa maswali kuhusu jedwali hilo, eneo kwa eneo.